ALIYEKETI NYUMA HAANDIKWI

Mwezi uliopita tulipanda Rombo kwa shughuli za Chama. Tulipokuwa Mkuu, tukingoja gari la kuturudisha Moshi, alitujia mama mtu mzima, anachechemea, na mkononi ameshika bahasha ya kaki iliyochakaa pembe zake. Alikuwa amesikia kwamba watu wa gazeti wamefika. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia, akaketi, kisha akazitoa karatasi zake moja moja na kuzitandaza juu ya benchi kama mtu aanikaye kahawa juani.

"Nisomeeni hizi, wanangu," akasema. "Halafu mniambie ni wapi palipoandikwa kwamba mimi nilikuwa abiria."

Tulizisoma zote, mbele na nyuma. Hapakuandikwa mahali popote.

Kisa chake ni kifupi, na kila msomaji wetu akaaye katika miteremko ya Kilimanjaro amekwisha kukiona kwa macho yake au kukipata mwilini mwake. Alikuwa ameshuka sokoni na mikungu miwili ya ndizi. Alipokwisha kuuza alipanda bodaboda kurudi nyumbani, naye alikuwa amepatana nauli kama ilivyo desturi. Penye kona, pikapu iliyokuwa ikiteremka iliigonga pikipiki ubavuni. Kijana aliyekuwa akiendesha alitupwa majanini, akainuka na michubuko; mama alibaki chini, muundi wa mguu wa kulia umevunjika mifupa yote miwili. Alitibiwa, na katika matibabu hayo hana la kulaumu. Mguu umeunga, ingawa kwa kupinda kidogo. Shida ilianza alipokwenda kudai fidia ya bima. Huko aliulizwa ni nani ajuaye kwamba alikuwa amepanda pikipiki. Huenda alikuwa akivuka barabara bila kutazama. Huenda yeye ndiye aliyeileta ajali. Akatoa karatasi ya hospitali. Ndani yake mlikuwa na jina la mfupa, tarehe, saini isiyosomeka, na herufi tatu: RTA.

Kwa wasiozijua, herufi hizo ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya ajali ya barabarani. Waganga wetu huziandika toka walipokuwa wanafunzi, na huziandika kwa haraka kama Mkristo aliyechelewa kanisani apigavyo ishara ya msalaba. Hazisemi uongo. Lakini hazisemi mtu aligongwa na nini, wala kama aliyeumia alikuwa amesimama kando ya njia, ameshika mpini wa pikipiki, au ameketi nyuma ya mwenye mpini.

Twataka leo kulizungumza jambo hili, kwa kuwa tumekuja kusadiki kwamba si dogo kama lionekanavyo.

Si kweli kwamba ulimwengu haujui namna ya kumwandika abiria. Mwaka 1893 Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa mji wa Paris, aliupeleka mbele ya mkutano wa wanatakwimu wa mataifa huko Chicago mpango wake wa kuzipanga sababu za vifo. Na toka siku hizo mpango huo umekuwa ukitengenezwa upya mara kwa mara. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani liliichukua kazi hiyo, na mpango ukajumlisha maradhi na majeraha ya walio hai pia, si vifo peke yake. Leo huitwa ICD. Kila ugonjwa una alama yake ya herufi na tarakimu, ili daktari wa Mkuu na daktari wa Hanoi waseme neno moja bila kujua lugha ya mwenziwe. Wengine huziita alama hizo "kodi." Tulipolitamka neno hilo mbele ya mzee mmoja katika safari ile ile, aliuliza kama Serikali imeanza kutoza ushuru wa kuvunjika mguu.

Katika chapa ya kumi ya mpango huo majeraha huandikwa kwa alama mbili, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Alama ya kwanza yasema mwili umepatwa na nini: muundi uliovunjika ni S82, jeraha la ndani ya fuvu ni S06, kuungua paja au mguu ni T24. Alama ya pili yasema ni kitu gani kilichouleta msiba. Aliyekuwa juu ya pikipiki amewekewa fungu lake, kuanzia V20 hadi V29, nalo limegawanywa kwa kufuata kile alichogongana nacho: V20 ni mtu aendaye kwa miguu au mnyama, V23 ni gari dogo au pikapu, V24 ni lori kubwa au basi, V27 ni kitu kisichokwenda kama vile mti au nguzo, na V28 ni pikipiki iliyoanguka yenyewe bila kugongana na kitu. Kisha, baada ya nukta, huja tarakimu moja. Kwa ajali za barabarani, 4 ni dereva, 5 ni abiria, na 9 ni mtu wa pikipiki ambaye haikujulikana alikuwa yupi kati ya hao wawili. Hata aliyeumia katika kupanda au kushuka hakusahauliwa. Tarakimu yake ni 3.

Basi mama yetu wa Mkuu alikuwa S82 na V23.5. Tarakimu hiyo ya mwisho ingeandikwa tu kama daktari angeandika sentensi moja ya kuiunga mkono, na sentensi hiyo ndiyo ambayo mama alikuwa akiitafuta katika bahasha yake. Chapa ya kumi na moja, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, imezigeuza alama, lakini swali ni lile lile. Ndani yake nafasi ya mtu katika chombo huambatishwa kwa alama ya nyongeza. Wala asidhani mtu kwamba mashine za kisasa zitatuokoa hapa. Kompyuta haikuwapo penye kona.

Tuliporudi Moshi tulimwendea karani wa kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali moja, ambayo hatutaitaja kwa kuwa hali aliyotueleza si ya hospitali yake peke yake. Hakutuonyesha jalada la mtu yeyote, naye alifanya vema; siri ya mgonjwa ni siri. Alitueleza kazi yake tu. Majalada humjia baada ya mgonjwa kuruhusiwa, mengine yamevimba kwa karatasi za maabara na za malipo, naye hutafuta humo maneno ya daktari ili ayageuze kuwa alama.

"Ndugu Mhariri," alituambia, "mimi siruhusiwi kubuni. Daktari akiandika abiria, naandika abiria. Akiandika RTA basi, mimi sina jingine ila V89.2."

Hiyo V89.2 ni mtu yeyote aliyeumia katika ajali ya chombo chochote cha moto isiyoelezwa. Likitajwa neno pikipiki bila zaidi, mgonjwa hupanda daraja kidogo akawa V29.9, maana yake mtu wa pikipiki, awaye yote, katika ajali isiyoelezwa. Katika mashimo hayo mawili wametumbukia pamoja mama mwenye mikungu, mtoto wa shule, dereva mlevi na dereva aliyekuwa timamu. Na hayo ni katika hospitali zenye karani wa namna hiyo. Katika zahanati zetu nyingi mna vitabu vya MTUHA, na katika fomu ya mwezi tuliyoizoea miaka mingi ajali za barabarani zimepewa mstari mmoja tu, hujazwa kwa umri na jinsia ikapelekwa wilayani. Abiria hana mahali pa kusimama katika mstari huo.

Watu wa Kilimanjaro si wageni wa kuandika na kuhesabu. Chama chao cha ushirika, KNCU, kiliundwa mwaka 1933, na kwa miaka mingi mkulima aliyepeleka kahawa ya maganda katika chama cha msingi alipimiwa mbele ya macho yake, akaandikwa jina na uzito, akapewa stakabadhi. Kahawa ikisha kukobolewa hupangwa madaraja: AA, A, B na kuendelea. Hata ile punje ya mviringo iliyoota peke yake ndani ya tunda haikuachwa. Ina daraja lake, PB. Hatujapata kusikia mnunuzi katika mnada wa Moshi akikubali gunia lililoandikwa "kahawa" tu. Lakini mwenye shamba hilo la kahawa akivunjika mguu juu ya pikipiki, twaridhika na herufi tatu.

Pengine msomaji atauliza: iko faida gani kumtenga abiria na dereva, ikiwa wote wawili wameanguka kwa chombo kimoja? Iko faida kubwa, kwa sababu hawaumii namna moja wala hawaokolewi kwa dawa moja. Dereva ana mpini wa kushika. Aiona kona, aweza kuruka. Abiria haoni ila mgongo wa mwenziwe. Akiwa ni mama aliyefunga kanga huketi upande, miguu yote miwili imening'inia pamoja, mkono mmoja umeshika mtoto na wa pili umeshika mzigo, basi hana mkono wa kujishikia. Chombo kikiyumba huanguka kwa kisogo. Shavu la mguu wake liko karibu na bomba la moshi, na yeyote aliyekaa katika kijiwe cha bodaboda, Himo au Marangu Mtoni au Tarakea, ameyaona makovu ya kuungua ambayo hakuna aliyeyapeleka hospitali. Watoto hupakiwa juu ya tangi, mbele ya dereva. Wanafunzi watatu hupangwa nyuma kama nyama katika kijiti, ndiyo maana vijana wameita mishikaki, nasi hatulipendi jina hilo hata kidogo kwa jinsi linavyotufanya tucheke jambo lisilochekesha.

Na kofia ngumu? Mara nyingi iko moja, nayo iko kichwani mwa dereva, au imetundikwa mpinini ikimngoja trafiki. Tafiti za nchi nyingi zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba kofia ngumu humpunguzia mtu wa pikipiki hatari ya kufa kwa kadiri ya asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kanuni za mwaka 2010 zinazosimamia pikipiki na bajaji za kukodiwa hazikumsahau abiria katika habari ya kofia. Lakini muulize kiongozi yeyote wa wilaya yoyote: mwaka jana, katika abiria walioletwa hospitali wamepasuka vichwa, wangapi walikuwa na kofia? Hawezi kukujibu, si kwa uvivu, bali kwa sababu hakuna mahali alipoandikwa abiria, sembuse kofia yake. Ndiyo sababu kampeni zetu zote humsemesha dereva: leseni, mafunzo, mwendo, pombe. Ni mambo mema. Lakini aliyelipa nauli hasemeshwi, kwa kuwa katika hesabu hayupo.

Kutojua huku si kwa Rombo peke yake. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba vifo vya barabarani vilivyotangazwa rasmi nchini kwa mwaka 2016 vilikuwa zaidi kidogo ya 3,000, na shirika lenyewe likakadiria kwamba vilipita 16,000. Msomaji apime mwenyewe umbali ulioko kati ya hesabu hizo mbili. Mtu hufa wodini siku ya kumi, polisi walikwisha kufunga daftari lao siku ya pili, na hospitali imeandika "jeraha la kichwa." Kwa mpango wa ICD, katika hati ya kifo sababu ya asili si fuvu lililopasuka bali ni ajali iliyolipasua. Daktari asipoitaja ajali, marehemu huangukia X59, mtu aliyepatwa na jambo lisilojulikana. Na familia iliyomzika inajua vizuri sana ni jambo gani.

Kwamba kazi hii yawezekana, hatuna shaka, kwa maana mfano tunao hapa hapa chini ya mlima. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 kwa juhudi za taasisi iliyojiita kwa jina la Msamaria Mwema, imekuwa toka mwaka 2013 na daftari maalumu la majeruhi wa kichwa, waganga wake wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani. Humo majeruhi huulizwa aliumiaje, na kwa daftari hilo uzito wa pikipiki katika misiba ya mkoa huu ulianza kujulikana kwa hesabu badala ya kwa masimulizi. Yule Msamaria wa hadithi alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe. Yamkini naye angeulizwa leo kama alikuwa na leseni.

Hatutaki kuwaonea waganga. Tumekaa katika mapokezi usiku wa siku ya soko, tukaona tabibu mmoja na wauguzi wawili mbele ya watu ambao hatukuweza kuwahesabu, mmoja analia, mmoja amelewa mbege, mmoja amenyamaza mno. Katika saa hiyo kuzuia damu ndiko kwanza, na mtu atakayemwambia tabibu aache jeraha akaandike insha hana akili. Lakini hatuombi insha. Twaomba sentensi moja, hata iandikwe asubuhi: "Abiria wa pikipiki, hana kofia, imegongwa na pikapu, barabarani." Tumeyahesabu maneno hayo, ni tisa. Muuguzi aweza kuyaandika. Karani wa mapokezi aweza kuyauliza wakati anapouliza jina na kijiji. Hospitali zenye mhuri wa jina la zahanati, wa tarehe na wa malipo hazitashindwa na mhuri wa nne wenye nafasi za kutia alama: dereva, abiria, alikuwa akipanda au kushuka.

Fomu ya polisi namba 3, ile tuijuayo sote kwa jina la PF3, nayo yataka kutazamwa. Fomu hiyo humtumikia aliyepigwa na aliyegongwa vile vile, na sehemu ya daktari hukazana kuuliza madhara ni makubwa kiasi gani. Kwa kesi ya ngumi na rungu yatosha. Kwa ajali ya pikipiki, mtu aweza kujaziwa fomu nzima, ikapigwa mihuri yote, na isijulikane alikuwa ameketi wapi. Hapo ndipo mwenye bima hupata mlango wa kutokea, na hatuwezi kumlaumu sana, kwa kuwa sisi ndio tuliouacha wazi.

Tulimwuliza mama yule kwa nini asimwombe kijana wa bodaboda amshuhudie. Alitabasamu. Kijana ni jirani yake, mtoto wa watu anaowafahamu. Lakini siku ile hakuwa na leseni, na akisimama kusema "nilikuwa nimempakia," atakuwa amejishitaki mwenyewe. Mama hataki kumfunga mtoto wa jirani. Daktari aliyemtibu amehamishwa wilaya nyingine. Kwa hiyo ushahidi wote wa mguu wake ulikuwa katika kalamu moja ya usiku mmoja, na kalamu hiyo iliandika herufi tatu.

Sasa twataka kusema na wenzetu wa Chama, nasi tumo. Ikifika siku ya mapokezi ya kiongozi, ni nani huwaita vijana wa bodaboda wautangulie msafara? Ni nani huwalipia petroli, akawapa bendera, wakapita mjini wawili na watatu juu ya chombo kimoja, vichwa wazi, wakipiga honi? Tumewapiga picha, tukazitia katika ukurasa wa mbele. Kama mmoja wa wale walioketi nyuma angeanguka, tungemwandika nini? Mwanachama. Na hospitali ingemwandika RTA. Twakiri kosa hilo hapa kwa maandishi, na tumekwisha kuwaambia wapiga picha wetu kwamba picha ya abiria asiye na kofia haitapata nafasi katika gazeti hili, hata nyuma yake awe ameketi nani. Makatibu wa matawi nao wangefanya vema kuagiza kofia mbili kwa kila pikipiki kabla ya kuagiza bendera moja.

Madiwani wa Rombo na wa Moshi wana kamati zao zinazoshughulikia afya, na taarifa za robo mwaka husomwa mbele yao. Siku ya taarifa hiyo diwani mmoja asimame aulize: katika mstari huu wa ajali za barabarani, abiria wa pikipiki ni wangapi? Ataambiwa haijulikani. Robo ya pili aulize tena. Sisi tumewaona maofisa wakianza kuandika jambo kwa sababu tu waliona haya kuulizwa mara ya tatu.

Na wewe mfanyakazi upandaye bodaboda alfajiri kwenda zamu, ukiletwa hospitali na akili zako ziko timamu, mwambie anayekuandika kwamba ulikuwa umeketi nyuma, na umwombe akusomee alichoandika kabla hujapelekwa wodini. Ukiwa hujiwezi, amwambie aliyekuleta. Namba ya pikipiki na ya gari iliyoigonga ziandikwe pale pale, hata kwa mkaa juu ya ganda la mgomba, kabla vyombo havijaondolewa barabarani.